Kufuata gunia la unga: jinsi ya kuwasaidia wanafunzi wa sekondari wa Lubumbashi kuongoza mradi wa kuielewa dunia

Mwongozo huu ni kwa walimu wa sekondari wanaotaka wanafunzi wao wafanye mradi unaoeneza ufahamu wa mambo ya dunia, na wanaotaka wanafunzi wenyewe washike usukani. Malengo ya Maendeleo Endelevu yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015 yanataja elimu ya uraia wa dunia katika shabaha ya 4.7. Shabaha hiyo inafaa kutajwa kwenye barua ya kumwomba prefe wa masomo, yaani mkuu wa shule, ruhusa, ila haimwonyeshi mwalimu pa kuanzia.

Hatua ya 1: Chagueni kitu ambacho wanafunzi wanakigusa kila siku

Vikundi vingi huchagua mada kubwa, kwa mfano amani au mabadiliko ya tabianchi, kisha huchora mabango, na mabango hayo hufifia ukutani bila mtu yeyote kujua zaidi ya alivyojua mwanzo. Hapa Lubumbashi wengine hukimbilia madini ya kobalti, na si ajabu, kwa kuwa Kongo ndiyo inayotoa sehemu kubwa zaidi ya kobalti ya dunia na malori ya madini hupita kila siku kuelekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Mimi hupendelea unga wa bukari, yaani wa ugali. Kila mwanafunzi anaujua, kila mzazi ana la kusema juu yake, na uchunguzi wake hufanyika sokoni, si kwenye machimbo ambako mtoto hatakiwi kukanyaga. Tena unga huo una historia ndefu kuliko unavyodhaniwa, maana sehemu kubwa ya mahindi tunayokula katika mkoa wetu wa Haut-Katanga hutoka Zambia.

Hatua ya 2: Geuzeni malalamiko yawe maswali

Hatua hii ndiyo inayostahili muda mrefu kuliko zote, na mwalimu asiiharakishe. Waambie wanafunzi waandike kwenye karatasi, bila majina, jambo linalowaudhi kuhusu unga. Bila shaka mmoja ataandika: "Kwa nini Zambia inatunyima unga?" Usiifute karatasi hiyo wala usiisahihishe. Isome kwa sauti, halafu uliza mambo matatu: nani amesema hivyo, tungejuaje kama ni kweli, na Mzambia akilisikia swali hili angejibu nini. Kisha nyamaza. Ukimya wa mwalimu huwa mgumu kwa pande zote mbili, lakini ndani yake ndimo wanafunzi huanza kubishana wao kwa wao, na mwishowe swali hupata umbo linaloweza kuchunguzwa: bei ya mfuko wa kilo 25 katika soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, ilibadilikaje mwaka fulani, na miezi hiyohiyo kulitokea nini ng'ambo ya mpaka?

Swali la namna hiyo lina mnyororo ndani yake. Chukueni mwaka 2024. Mwisho wa Februari mwaka huo, serikali ya Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa baada ya wilaya 84 kati ya 116 kuathirika. Ukame huo ulihusishwa na El Niño, yaani kupanda kwa joto la maji ya juu ya bahari ya Pasifiki, upande wa kati na wa mashariki. Mazao yakipungua, nchi hulinda chakula cha watu wake kwanza na kubana mauzo ya nje. Malori ya unga hupungua Kasumbalesa, na mama anayeuza kwa meka, yaani kopo la kupimia, hupandisha bei au hupunguza kipimo. Hapo mwanafunzi aliyedhani ananyimwa hugundua kwamba jirani yake pia alikuwa na njaa. Huwa kuna mwanafunzi mmoja mkorofi, na heri kila darasa lingekuwa naye, anayeuliza mbona nchi ya Kenya (si soko letu) ilipata mafuriko mwisho wa mwaka 2023 ilhali El Niño ni ileile. Mpe swali hilo alifanyie kazi na awaeleze wenzake kwa nini joto lilelile la bahari mara nyingi huongeza mvua za mwisho wa mwaka Afrika ya Mashariki na kupunguza mvua za kusini.

Hatua ya 3: Gawaneni kazi, na mwalimu arudi nyuma

Mwalimu abaki na mambo matatu tu: usalama, ruhusa na ukweli wa tarakimu. Mengine yote, yaani ratiba, ugawaji wa kazi, maneno ya bango na hata mizozo midogo, ni ya wanafunzi. Angalieni jinsi uongozi unavyogawanywa, kwa sababu bila kuangaliwa mvulana huwa mwenyekiti na msichana huwa katibu, kila mwaka, kana kwamba imeandikwa kwenye kanuni za shule. Njia rahisi ni kubadilishana nafasi kila mwezi. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wasipewe uongozi, maana mtihani wa serikali utawachukua katikati ya kazi.

Hatua ya 4: Kusanyeni bei kwa utaratibu mmoja

Wanafunzi wachague masoko mawili, kwa mfano Kenya na Njanja, na wauzaji walewale, siku ileile ya juma. Kila mstari wa daftari uwe na tarehe, soko, kipimo, asili ya unga, bei kwa faranga, na kiwango cha dola siku hiyo kwa kambisti, yaani mbadilishaji fedha. Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika, nayo ndiyo inayookoa mradi: faranga ikishuka, bei ya unga unaoagizwa nje hupanda hata kama Zambia ilivuna vizuri, na kikundi kisichoandika kiwango kitaulaumu ukame kwa kosa la sarafu. Mfuko upimwe pia kwenye mizani inapowezekana, kwani meka moja hailingani na nyingine.

Muuzaji aamkiwe kwanza, aelezwe kazi, na aulizwe kama anakubali: "Mama, jambo. Sisi ni wanafunzi, tunafuatilia bei ya unga. Tunaweza kukuuliza kila Jumamosi, bila kuandika jina lako?" Akikataa, aagwe kwa heshima. Picha za sura za watu zisipigwe, na mpakani wanafunzi wasiende. Habari za Kasumbalesa zitafutwe kwa madereva na wauzaji wa jumla walioko mjini.

Kikundi kinachosisitiza kobalti kikubaliwe, kwa sharti kwamba kitafanya kazi na nyaraka. Kanuni ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inatenga asilimia 15 ya mrabaha wa madini (malipo ya kampuni kwa madini wanayochimba) kwa mamlaka za mitaa, na jinsi fedha hizo zinavyotumika ni swali ambalo raia yeyote ana haki ya kuliuliza.

Hatua ya 5: Tafuteni wenzenu ng'ambo ya mpaka

Walimu wengi hutaka shule rafiki ya Ulaya. Mimi hushauri Ndola au Kitwe, miji ya Zambia, kwanza. Wanafunzi wa huko husoma kwa Kiingereza na wetu kwa Kifaransa, lakini Kibemba kinazungumzwa pande zote mbili, na katika darasa la Lubumbashi hukosi wanaokijua kutoka nyumbani. Hao, ambao mara nyingi hawasikiki sana wakati wa Kifaransa, huwa wakalimani wa mradi. Kila upande uwaulize wazazi na majirani maswali yaleyale matano, ujumbe wa sauti utumwe kwa WhatsApp badala ya video ili kubana megabaiti, na majibu yaandikwe kwa lugha mbili.

Kaeni macho na jambo moja: mawasiliano yasigeuke kuwa maombi ya msaada. Mara mwanafunzi anapoanza kuomba, mwenzake huacha kumuuliza maswali, na mradi unakufa hapo.

Hatua ya 6: Rudisheni matokeo sokoni

Kabla ya sherehe yoyote shuleni, kikundi kiwaonyeshe wauzaji waliotoa bei ukurasa mmoja: ramani yenye mishale kutoka Pasifiki hadi Njanja na mchoro wa bei, kwa Kiswahili. Wao ndio watakaoona mwezi uliokosewa. Baada ya masahihisho hayo andaeni toleo la Kifaransa kwa prefe na wazazi, na dakika chache za redio kama kituo cha mtaani kitakubali. Daftari lenyewe, pamoja na orodha ya wauzaji waliokubali kuendelea kuulizwa, likabidhiwe kwa darasa la chini kabla ya mitihani ya mwisho wa mwaka, ili Septemba bei ziendelee kuandikwa kutoka mstari ulipoishia.