Sabuni ya gliserini inayolia: ninavyoipika na kuiuza hapa Tanga

Ndoo ilirudi Jumatatu asubuhi juu ya kerea ya baiskeli, imefunikwa kanga. Ndani mlikuwa na vipande 60 vya sabuni nilivyovipeleka dukani Alhamisi vikiwa vinang'aa kama vioo vya rangi. Sasa kila kipande kilikuwa kimejaa matone, vingine vimeng'ang'aniana. Mwenye duka ni mtu mstaarabu, hakunitukana. Alimtuma kijana wake aniambie tu: "Shikamoo mama, sabuni zako zinalia."

Ilikuwa mwezi wa nne, masika yamekolea, na mimi nina miezi mitatu tu katika kazi hii. Semina niliyolipia ilinifundisha kupika. Kwamba sabuni hulia, hakuna aliyeniambia.

Sababu yenyewe ni hii. Gliserini huvuta maji kutoka hewani, ndiyo maana ngozi kavu huipenda. Mafuta yakikutana na kostiki, yaani sodiamu haidroksaidi, hutoka sabuni pamoja na gliserini. Viwanda vikubwa huitenga gliserini hiyo kwa maji ya chumvi na kuiuza kando kwa faida nzuri. Sisi wa majumbani tunaiacha humo humo, halafu tunaongeza nyingine juu yake. Basi una kipande kinachokunywa hewa, na hewa ya Tanga wakati wa masika unaweza kuikamua kama nguo.

Kabla hujanunua chochote, jua kwamba njia ni mbili. Ya kwanza ni kununua besi, yaani sabuni ya gliserini iliyokwisha kupikwa, inauzwa kwa kilo. Unaikatakata, unaiyeyusha juu ya maji ya moto, unatia rangi na manukato, unamimina. Mtoto wa sekondari anaweza. Kama hujui bado wateja wako ni akina nani, anza na besi na usione aibu. Ubaya wake ni kwamba bei anaipanga mwenye besi, na sabuni yako haitofautiani na ya jirani. Ya pili ni kupika mwenyewe, na ndiyo nitakayoieleza.

Tuanze na sufuria, maana hapa ndipo wengi huumia. Sufuria zetu nyingi za nyumbani ni za aluminiamu. Kostiki huila aluminiamu, inachemka yenyewe, inatoa moshi na gesi inayoweza kuwaka. Mimi niliipoteza sufuria ya harusi yangu namna hiyo, ilibaki na matundu kama chujio. Tumia stenlesi, au enameli isiyobanduka. Mwiko uwe wa stenlesi au wa plastiki ngumu. Upate kipimajoto, na mizani ya kidijitali inayosoma gramu moja moja. Wapo wanaopima kostiki kwa kikombe, nami nimeziogea sabuni zao mara moja. Mara ya pili hakuna. Glavu, miwani ya kufunika macho, nguo ya mikono mirefu, na maji mengi ya bomba karibu. Kostiki ikikurukia, suuza kwa maji yanayotiririka dakika 15 au zaidi. Usijaribu kuizima kwa siki juu ya ngozi. Ikiingia jichoni, suuza vivyo hivyo na uende hospitali.

Vipimo vyangu ni kwa kilo moja ya mafuta: mafuta ya nazi gramu 300, mawese meupe yaliyosafishwa gramu 400, mafuta ya nyonyo gramu 300. Kostiki gramu 148 ndani ya maji gramu 330. Kisha spiriti gramu 440, gliserini gramu 100, na sukari nyeupe gramu 270 iliyoyeyushwa kwenye maji gramu 170. Usibadili aina ya mafuta ukaiacha kostiki ilivyo, kwa sababu kila mafuta yana kiasi chake. Nazi hula kostiki nyingi kuliko nyonyo. Nazi ndiyo povu, mawese ndiyo ugumu, nyonyo ndiyo inayosaidia kioo kutokea. Mawese mekundu ya Kigoma ni matamu kwenye maharage, lakini humu yatakupa rangi ya chungwa utake usitake.

Maji nayo yana neno. Visima vingi vya pwani vina chumvi, na chumvi huifanya sabuni iwe na ukungu. Mimi hukinga ya mvua na kuyachuja kwa kitambaa, au hununua yaliyotoneshwa.

Spiriti ndiyo gharama na ndiyo hatari. Inatakiwa ethanoli ya asilimia 95 kwenda juu. Ile spiriti ya zambarau ya kuwashia haifai kabisa, mna methanoli ndani yake na hiyo ni sumu. Jirani yangu aliwahi kuniuliza kama Konyagi haiwezi kusaidia. Konyagi ina kilevi asilimia 35, karibu yote iliyobaki ni maji. Nikamwambia ataharibu vitu viwili kwa mpigo.

Siku ya kupika, mimina kostiki kwenye maji, polepole, nje penye hewa. Usifanye kinyume chake, maji juu ya kostiki, yatalipuka kukurukia. Mchanganyiko utapanda moto wenyewe. Uache upoe mpaka nyuzi 55 hivi. Mafuta yapashe moto yafike hapo hapo. Sasa mimina maji ya kostiki kwenye mafuta huku unakoroga. Itaanza kama chai ya maziwa, itakuwa uji mwepesi, kisha uji mzito ambao ukiudondoshea toka kwenye mwiko alama inabaki juu. Kwa mkono utachoka, mashine ya mkono ya kusagia hufanya kwa dakika chache.

Sufuria hiyo iweke ndani ya sufuria kubwa yenye maji yanayochemka, funika, iive saa moja na nusu hadi mbili. Kila robo saa igeuze. Itakatikakatika kama viazi vilivyopondwa vibaya, usiogope. Baadaye itaanza kuwa laini na kupitisha mwanga, kama vaselini. Chukua punje, ipoze, iguse kwa ncha ya ulimi. Ikikuchoma kama umelamba betri ya redio, kostiki bado iko, rudisha kifuniko. Kisha yeyusha punje nyingine kwenye maji ya moto ya mvua: yakibaki maangavu bila mafuta kuelea juu, imeiva.

Sasa sikiliza vizuri. Zima moto. Sisemi punguza, nasema zima, na kama ni jiko la mkaa litoe nje kabisa mwagilia maji. Mvuke wa spiriti hutambaa chini na kuufuata moto ulipo. Mimi huichukua ile sufuria kubwa ya maji ya moto mpaka barazani, watoto nawafukuza, simu naiweka ndani, na sufuria ya sabuni naiweka juu ya maji hayo. Ndipo namimina spiriti na gliserini pamoja, nafunika kwa nailoni na kifuniko juu yake ili spiriti isiniponyoke.

Hatua hii siichoki. Mwanzo ni mabonge meupe yanayoogelea kwenye maji ya kahawia. Unakandamiza, unafunika, unasubiri. Baada ya nusu saa mabonge yamekuwa kama dagaa, halafu kama punje za mchele, halafu unaona ncha ya mwiko wako chini kabisa, na maandishi ya kiwandani kwenye kitako cha sufuria yanasomeka. Maji yakipoa kabla mabonge hayajaisha, chemsha mengine ndani na uyalete. Usiipeleke sabuni motoni.

Kinachotokea ni kwamba sabuni ya kawaida ikipoa hujipanga kwa chembechembe zinazozuia mwanga. Spiriti, gliserini na sukari huzizuia chembe hizo zisikue. Kwa hiyo sasa tia ile sukari, ikiwa ya moto na imeyeyuka yote. Usiiunguze ikawa karameli, maana rangi itahamia kwenye sabuni.

Dondosha tone kwenye kisosi kilichotoka kwenye friji. Likiganda likiwa angavu, umefika. Likiwa na ukungu mweupe, ongeza spiriti gramu 20 au 30, koroga, jaribu tena. Likibaki laini na kunata, vimiminika vimezidi. Acha wazi kidogo, mbali na moto. Ukungu wa mafuta ni jambo jingine: hukupika vya kutosha, na hapo spiriti haitakuokoa.

Acha ipoe hadi nyuzi 60. Juu patakuwa na utandu na povu, uenguze kwa kijiko na uutunze, ni sabuni nzuri ya kufulia. Tia manukato gramu 20, rangi ya sabuni matone machache, mimina kwenye vibati vya silikoni au bomba la PVC lililozibwa chini. Nyunyiza spiriti kidogo juu, vipovu vitapasuka. Kesho yake toa na ukate.

Kuhusu manukato, mchaichai haujaniangusha. Mdalasini na karafuu tunavyo vizuri kule Amani na harufu yake wateja wanaipenda, lakini mafuta yake huwasha ngozi. Matone machache tu kwa sufuria nzima. Manjano ya unga yataua kioo chako. Parachichi bichi na karoti ya kusaga zitaoza ndani. Maua ya waridi yanapendeza siku tatu, kisha yanakuwa kama majani ya chai yaliyotupwa.

Halafu kuna swali nitakaloulizwa mpaka nizeeke. Binti anasimama mbele ya meza yangu Ngamiani, ananusa, anageuza kipande: "Mama, hii inang'arisha?" Namjibu, "Inaosha, mwanangu." Wengine huondoka. Zebaki na haidrokwinoni, zinazotiwa ili kung'arisha ngozi, zimepigwa marufuku kwenye vipodozi, na hata zisingekuwa marufuku nisingeziingiza jikoni kwangu. Wala siandiki kwamba sabuni inatibu chunusi, fangasi wala mkosi.

Turudi kwenye kulia. Sabuni ikae kwenye chanja wiki mbili, ikipitiwa na upepo wa feni, spiriti itoke na ikaze. Kisha ifunge siku hiyo hiyo kwa nailoni nyembamba ya kufungia chakula, ukiivuta ikaze pasibaki hewa, na joto la mkono wako lisiache alama za vidole. Karatasi ya lebo inakuja juu ya nailoni. Karatasi peke yake ni kuicheza shere. Mwezi wa tatu unapoanza mimi hupunguza gliserini kutoka gramu 100 hadi 60, na napika kidogo. Mzigo mkubwa nilishaupika wakati wa kaskazi. Mwambie pia mteja aiweke kwenye kisahani chenye matundu. Ikikaa kwenye maji itakuwa ugali.

Hesabu. Nitakupa yangu ya mzigo mmoja, wewe weka bei za kwenu. Nazi 3,000, mawese 2,400, nyonyo 5,400, kostiki 600, spiriti 5,500, gliserini 1,000, sukari 800. Jumla 18,700. Manukato na rangi 2,000, mkaa 1,500: tumefika 22,200. Napata vipande 22 vya gramu 100 vikiwa vibichi. Vikikauka vinashuka hadi 90 hivi, na hiyo 90 ndiyo ninayoiandika kwenye lebo. Nailoni na lebo 200 kila kimoja, yaani 4,400. Gharama yote 26,600, kila kipande kama 1,200. Reja reja nauza 2,500, kwa bei ya jumla 1,900. Tofauti hiyo ya 700 kwa jumla ndiyo mshahara wa saa tano za barazani, usije ukaiita faida yote ukaigawa kwenye kikoba.

Dukani siuzi sana siku hizi. Sabuni yangu ikikaa rafuni karibu na ya kiwandani ya bei ya chini, inaonekana ya majivuno. Panaponilipa ni kitchen party na sendoff, watu wanataka vipande 100 vyenye rangi ya sare na jina la bibi harusi. Nachukua nusu ya fedha kabla sijawasha jiko, hata kwa shoga yangu, hasa kwa shoga yangu. Kuna pia nyumba za wageni za Pangani zinazotaka vipande vidogo vya gramu 25. Karibu na Idi natengeneza yenye harufu ya udi. Na wateja nawafungia kwenye mifuko ya khaki, maana ya plastiki ya kubebea imekatazwa tangu tarehe 1 Juni 2019.

Ukitaka kuingia kwenye maduka makubwa, watakuuliza alama ya TBS, shirika la viwango. Jina la biashara lisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kisha nenda ofisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, ya mkoa wako wakupe barua ya utambulisho; wajasiriamali wadogo hupitia hapo. Lebo iwe na jina, viambato vyote, uzito, tarehe ya kutengeneza na ya mwisho, namba ya toleo, na mahali ulipo. Namba ya toleo mimi huiandika pia kwenye daftari pamoja na vipimo vya siku hiyo, ili mtu akirudisha kipande nijue kimetoka sufuria gani.

Vile vipande 60 vya kwenye ndoo nilivifuta kimoja kimoja kwa kitambaa kikavu, nikavikata, nikaviyeyusha juu ya maji ya moto na spiriti kidogo. Rangi zote zilichanganyika zikawa kahawia kama asali ya nyuki wadogo. Nikavifunga nailoni nikampelekea yule yule mwenye duka, safari hii kumi tu, nikamwambia alipe zikiisha. Aliniita Ijumaa kuulizia nyingine za kahawia, na mimi rangi ile mpaka leo sijaweza kuipata tena.