Kuutambua mhina wa porini, hatua kwa hatua

Mhina wa uani tunaujua sote, ule uliopogolewa ukawa ua wa nyumba. Wa porini ni habari nyingine. Mimi niliupita mara tatu huku nikiusaka, kwa sababu jina lake la kitaalamu ni Lawsonia inermis, na inermis kwa Kilatini ni "usio na silaha". Nikawa natafuta kichaka kisicho na miiba, na mkono ukachomwa na hichohicho nilichokuwa nakipita.

Hatua ya 1: Tafuta maji kwanza. Mhina unapenda jua na joto, ila si kila penye ukavu utaukuta. Nenda kingo za mito ya msimu na mabonde yanayofurika mvua ikinyesha kisha yakakauka, kama ukanda wa mto Tana. Milimani kwenye baridi usijisumbue.

Hatua ya 2: Umbo. Ni kichaka cha mita 2 hadi 6, chenye matawi mengi. Ukiwa mchanga hauna miiba kabisa. Ukikomaa, vitawi vya pembeni hukakamaa ncha zikawa kali. Linnaeus mwenyewe, mtaalamu wa mimea aliyeupa jina hilo, alitatizika: mwaka 1753 aliandika aina mbili, inermis na spinosa, yaani wa miiba. Leo zote zinahesabiwa kuwa mmea mmoja.

Hatua ya 3: Majani. Hukaa mawili mawili yakitazamana, madogo, yaliyochongoka, bila manyoya, kikonyo kifupi mno. Hapa ndipo watu huuchanganya na mswaki, ambao nao majani yake hutazamana na huota maeneo hayohayo. Lipinde jani: la mswaki ni nene, na ukilitafuna linawasha ulimi kama haradali.

Hatua ya 4: Ua na tunda. Ukikuta umechanua, kazi imekwisha. Maua ni madogo, yamesongamana nchani mwa matawi, meupe au rangi ya malai, na harufu yake utaipata kabla hujauona mti wenyewe. Hesabu petali 4 zilizokunjamana kama karatasi iliyofinywa, na stameni (vijiti vya chavua) 8 zilizosimama mbili mbili. Petali za mkomamanga nazo zimekunjamana vivyo hivyo. Mimea hii ni ndugu, jamii ya Lythraceae. Ila usitarajie komamanga: tunda la mhina ni kavu, la mviringo, kubwa kidogo kuliko punje ya pilipili manga, limejaa mbegu ndogo ndogo.

Hatua ya 5: Jaribio. Hauna maua? Twanga majani machanga, changanya na maji ya vuguvugu na ndimu, uache saa chache. Kisha paka kwenye unyoya mweupe wa kuku hadi kesho yake. Rangi ya mhina hushika keratini, ile iliyomo kwenye nywele, kucha na manyoya. Unyoya ukitoka na rangi ya chungwa, umeupata. Mkono wako uuache kwanza. Kichaka usichokijua si cha kupaka mwilini.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Nimetwanga, maji yamebaki kijani tu. Nimekosea mti?*
Marahaba. Si lazima. Rangi haionekani mara moja, inahitaji muda na ndimu. Rudia, uvute subira.

*Nina mbegu za porini, wiki ya tatu sasa hazijaota.*
Ganda lake ni gumu. Ziloweke siku kadhaa ukibadilisha maji kila siku, halafu uzisie penye joto. Mimi nimeacha mbegu siku nyingi, napanda vijiti.

*Kaka, huo wa porini unatoa piko pia?*
Hapana, dada. Hakuna mhina unaotoa rangi nyeusi tii. Piko nyingi ni dawa ya kutia nywele rangi, yenye kemikali ya PPD, na ndiyo inayowababua watu ngozi.

*Mjukuu wangu ana siku arobaini. Nikipata wa porini, safi bila kemikali, nimpake?*
Usimpake, bibi. Wapo watoto wanaozaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, na hina halisi huweza kuzipasua chembe zao hizo. Mpake mama yake.