Namna ya Kutimiza Masharti ya Kujiunga na Shahada ya Uzamili, Ndani na Nje ya Nchi

Tangazo la udahili wa shahada ya uzamili huwa fupi, lakini kazi inayolifuata ni ndefu. Aya mbili au tatu hutaja shahada ya kwanza, kiwango cha ufaulu, lugha na viambatisho, na msomaji huondoka akiwa amejua tu kwamba ana sifa au hana. Afadhali alisome kwa namna nyingine: achukue kila sharti na kujiuliza ni hati gani inayolithibitisha, nani anayeitoa hati hiyo, na itachukua muda gani kupatikana. Mwombaji anayevuka mpaka ana swali moja la ziada, nalo ni kama hati hiyo itakubalika katika nchi anayokwenda bila kutafsiriwa, kuthibitishwa au kulinganishwa na mfumo wa huko. Si wachache wanaokosa nafasi wakiwa na ufaulu wa kutosha, kwa sababu tu hati moja ilifika baada ya dirisha la maombi kufungwa.

Shahada ya kwanza na uzito wa masomo uliyosoma

Karibu kila programu hudai shahada ya kwanza kutoka chuo kinachotambuliwa. Utambuzi huo hautokani na umaarufu wa chuo, bali na usajili wake kwa mamlaka ya ithibati ya nchi kilipo, na wakati mwingine programu yenyewe nayo lazima iwe imepata ithibati. Baadhi ya nchi zina orodha zake za vyuo vya kigeni. Ujerumani, kwa mfano, hutumia kanzidata iitwayo anabin, ambamo chuo chenye alama H+ ndicho kinachohesabiwa kuwa kimetambuliwa. Kagua jambo hili kabla ya kulipa ada yoyote ya maombi, kwa kuwa hakuna barua nzuri wala alama za juu zitakazoziba pengo la chuo kisichotambuliwa.

Urefu wa shahada nao una uzito wake. Katika nchi za Ulaya zilizojiunga na mchakato wa Bologna, yaani makubaliano ya kuoanisha mifumo ya shahada yaliyoanza mwaka 1999, shahada ya kwanza huchukua walau miaka mitatu yenye krediti 180 za ECTS, mfumo wa Ulaya wa kupima uzito wa masomo, na shahada ya uzamili huwa na krediti 60 hadi 120. Marekani shahada ya kwanza ni ya miaka minne, hivyo baadhi ya vyuo vyake husita kuipokea shahada ya miaka mitatu kutoka nje, au humtaka mwombaji apeleke hati zake kwa taasisi ya tathmini ya vyeti vya kigeni kama vile WES (World Education Services) ili zilinganishwe na za Marekani.

Sharti ambalo watu hulipita haraka mno ni lile la ulinganifu wa fani. Tangazo likisema mwombaji awe na shahada ya uchumi "au fani inayohusiana", kamati ya udahili haitaangalia jina la shahada peke yake. Itafungua nakala ya matokeo na kuhesabu ni masomo mangapi ya hisabati, takwimu au nadharia ya uchumi uliyoyasoma. Vyuo vya Ujerumani na Uholanzi mara nyingi huandika waziwazi idadi ya krediti zinazotakiwa katika kila eneo. Mtu mwenye alama bora kabisa katika shahada ya biashara anaweza kukataliwa katika uzamili wa uchumi, huku mwenye alama za wastani lakini masomo yanayolingana akipokelewa.

Dawa yake ni kuandaa jedwali lako mwenyewe. Safu ya kwanza iwe na eneo linalotakiwa, ya pili iwe na masomo uliyosoma yanayoliangukia, na ya tatu iwe na saa au krediti zake. Krediti moja ya ECTS huhesabiwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, ikijumuisha vipindi, kujisomea na mitihani, kwa hiyo somo ambalo chuo chako kiliandika kwa saa linaweza kugeuzwa bila kubahatisha sana. Ambatisha maelezo ya masomo kutoka kwenye mtaala rasmi wa idara. Mtaala huo uombe mapema, maana idara hubadilisha mitaala na nakala za miaka ya nyuma huwa ngumu kupatikana. Jedwali la namna hii, hata pale ambapo halikuombwa, humsaidia mjumbe wa kamati asiyeujua mfumo wa nchi yako, na ninaona ndiyo saa chache zenye tija kubwa kuliko zote katika maombi mazima.

Baadhi ya fani zina sharti zaidi. Uzamili wa tiba, uuguzi au sheria unaweza kudai usajili wa bodi ya taaluma. Uzamili wa utawala wa biashara, hasa ule wa watendaji, hudai uzoefu wa kazi wa miaka kadhaa, na barua ya mwajiri inayotaja tarehe na majukumu ndiyo uthibitisho wake. Ukiomba uzamili unaofanywa kwa utafiti badala ya masomo ya darasani, utatakiwa kuwa na andiko la utafiti na mara nyingi msimamizi aliyekubali kukupokea; huyo mwandikie kabla ya kujaza fomu.

Ufaulu, na jinsi alama zinavyogeuzwa

Uingereza, programu nyingi hudai daraja la pili la juu, ingawa zipo zinazopokea daraja la pili la chini. Marekani kiwango cha kawaida ni GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.0 kati ya 4.0. Ujerumani, ambako 1.0 ndiyo alama ya juu kabisa na 4.0 ndiyo ya chini ya kufaulu, programu nyingi zenye ushindani huweka kikomo cha 2.5.

Usigeuze alama zako kwa uwiano wa kawaida. Vyuo vingi vya Ujerumani hutumia kanuni inayozingatia pia alama ya chini ya kufaulu: chukua alama ya juu ya mfumo wako, toa alama uliyopata, gawa kwa tofauti ya alama ya juu na ya chini ya kufaulu, zidisha kwa 3, kisha ongeza 1. Mtu mwenye GPA ya 3.8 katika mfumo ambao 5.0 ndiyo ya juu na 2.0 ndiyo ya kufaulu atapata 2.2, na hivyo yuko ndani ya kikomo. Lakini kama kamati itadhani kwamba alama ya kufaulu kwenu ni 3.0, mtu huyohuyo atapata 2.8 na kuachwa nje. Ndiyo maana ni lazima nakala ya matokeo, au barua kutoka kwa msajili wa chuo, ieleze ngazi zote za alama pamoja na ile ya chini ya kufaulu.

Kikomo kilichotangazwa ni cha kuruhusiwa kushindana tu, na katika programu zenye waombaji wengi wanaopokelewa huwa juu yake. Aliye chini ya kikomo anaweza kutafuta stashahada ya uzamili au programu ya maandalizi, au kuomba katika vyuo vinavyohesabu uzoefu wa kazi. Mtihani wa GRE au GMAT, unaopima uwezo wa waombaji wa uzamili na ambao matokeo yake hudumu miaka mitano, huweza kusaidia pale tu ambapo chuo kinasema kinayapokea. Vyuo vingi vimeufuta, na hakuna faida ya kuulipia pasipo haja.

Lugha

Kwa programu za Kiingereza, alama ya mtihani wa Kiingereza wa IELTS inayotajwa mara nyingi ni 6.5 kwa jumla, na kila stadi isishuke chini ya 6.0; sheria na uandishi wa habari huweza kudai 7.0 au zaidi. Mitego ni miwili. Kwanza, vyuo hudai IELTS ya kitaaluma, si ile ya mafunzo ya jumla. Pili, matokeo ya IELTS na ya TOEFL, mtihani mwingine wa Kiingereza, hudumu miaka miwili, na chuo hutaka yawe hai siku ya maombi au siku ya kuanza masomo, kutegemea kanuni zake. Aliyesoma shahada ya kwanza kwa Kiingereza anaweza kusamehewa mtihani kwa kupeleka barua ya msajili inayothibitisha lugha ya kufundishia, lakini msamaha huo hutofautiana kutoka chuo hadi chuo. Programu za Kijerumani hupokea mitihani kama TestDaF au DSH, za Kifaransa hupokea DELF au DALF, na kiwango huwa B2 au C1.

Hati zenyewe

Kosa dogo linaloleta usumbufu mkubwa ni tofauti ya majina. Cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, cheti cha shahada kina matatu, pasipoti ina mpangilio mwingine, na mtu aliyeolewa ana jina la nne. Linganisha hati zote kabla ya kuomba, na palipo na tofauti tafuta hati ya kiapo kwa wakili au mahakamani, kisha tumia jina la pasipoti katika fomu zote.

Pambanua pia kati ya nakala ya kawaida, nakala iliyothibitishwa na wakili, na nakala ya matokeo inayotumwa na chuo chenyewe moja kwa moja. Kwa nchi zilizo katika Mkataba wa Hague wa mwaka 1961, uthibitisho wa kimataifa hutolewa kwa muhuri uitwao apostili. Pasipo mkataba huo, hati hupitia wizara na ubalozi, na hilo huweza kuchukua wiki kadhaa. Tafsiri ifanywe na mtafsiri aliyeapishwa.

Barua za mapendekezo huwa mbili au tatu. Mchague mwalimu anayekumbuka kazi yako, si mwenye cheo kikubwa, na umpe wasifu wako, tangazo la programu na tarehe ya mwisho. Maelezo ya malengo yajibu kwa nini programu hii na si nyingine. Historia ya maisha yako haihitajiki.

Kuhusu mawakala wa udahili, kumbuka kwamba wengi wao hulipwa kamisheni na vyuo, hivyo wana sababu ya kukupeleka kwenye vyuo vinavyowalipa.

Baada ya kukubaliwa

Barua ya kwanza mara nyingi ni ya udahili wenye masharti: umepokelewa iwapo utaleta cheti cha mwisho, alama za lugha au malipo ya awali kabla ya tarehe fulani. Ukiona sharti moja halitatimia kwa wakati, andika kuomba muda kabla tarehe haijapita, ukiambatisha ushahidi wa kuchelewa, kwa mfano barua ya chuo inayosema cheti kitatolewa lini.

Viza ina masharti yake, na chuo hakiwezi kuyalegeza. Uingereza hutaka fedha ziwe zimekaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo kabla ya kuomba. Ujerumani hukubali akaunti maalumu iliyofungiwa gharama za kuishi za mwaka mmoja. Marekani, chuo hutoa fomu ya I-20, inayohitajika kuombea viza ya mwanafunzi, baada tu ya kuona uthibitisho wa fedha. Kwa hiyo fedha za mdhamini zisiingizwe kwenye akaunti wiki ya mwisho, na kama analipa taasisi ya ufadhili, barua yake itaje kiasi, muda na jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti.