SOMO: Jinsi ya kujua chakula kipi kinakupandishia sukari

Kila wiki swali ni lile lile: mwenye kisukari ale wali au ugali? Nimejibu hadi nimechoka. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Miili haifanani, kwa hiyo mpimie mwili wako.

1. Angalia tarehe ya kuisha ya stripu, vile vikaratasi vya kipimo cha sukari vinavyowekwa tone la damu. Kopo lifunge kila unapotoa moja.

2. Nawa kwa sabuni, kausha vidole. Hapa ndipo nilipoumia. Jioni moja nilimmenyea mjukuu embe, nikajifuta kwenye kanga, nikapima: 18.6 (kipimo changu kinasoma kwa mmol/L). Kwa hofu nikameza glibenklamidi, dawa yangu ya kushusha sukari, ya ziada. Saa tisa usiku natetemeka, shuka imelowa jasho, kipimo kinasoma 2.9. Mume wangu akanikorogea sukari kwenye maji, akakaa nami hadi ikapanda. Ile 18.6 ilikuwa ya embe lililoganda kwenye ngozi! Spiriti peke yake haiondoi sukari ya tunda. Ukiona namba ya ajabu, nawa, pima kidole kingine. Na USIJIONGEZEE dawa bila kumuuliza daktari.

3. Pima kabla ya kula, andika.

4. Pakua kwa bakuli lile lile kila siku. Saa huanza kuhesabiwa kwenye tonge la kwanza, si ukishamaliza kula.

5. Baada ya saa 2 pima tena. Kliniki nyingi hulenga chini ya 10. Lengo lako akupe daktari. Tazama sana tofauti ya namba zako mbili.

6. Siku nyingine badilisha kitu kimoja tu.

Daftari langu: uji wa ulezi, kikombe kikubwa, 6.4 hadi 12.1. Ugali wa dona wa ukubwa wa ngumi, kwa maharage na mchicha, 6.6 hadi 9.0. Uji ulinisikitisha, maana niliusifia kwa watu miaka mingi. Unga laini ukishaiva kwenye maji mengi, tumbo halina kazi ya kuuvunja.

MASWALI

— Kwa hiyo wali ni sumu?
Sijaandika hivyo. Rudi namba 4: pakua kwa bakuli lako, kisha upime.

— Asali mbichi si haipandishi?
Ni sukari. Pima.

— Mbona changu kinasoma 162? Nakufa?
Hapana, ndugu yangu. Kipimo chako kinatumia mg/dL, changu mmol/L. Gawanya kwa 18, unapata 9.0 kwa namba zangu.

— Shikamoo mama. Nina stripu 10 tu kwa mwezi, nifanyeje?
Marahaba mwanangu, na pole, najua bei yake. Weka 2 kwa ajili ya siku utakayojisikia kutetemeka. Zinazobaki 8 ni milo minne. Anza na mlo unaoula mara nyingi zaidi, kwa sababu huo ndio unaokujenga au kukuumiza kila siku.

— Nimesikia kuanza na mboga kunasaidia. Kweli?
Kweli, na nafurahi umeuliza. Kula mchicha na maharage kwanza, ugali mwishoni. Wanga huingia kwenye damu polepole. Ukimaliza, tembea dakika 15. Kwangu mimi matembezi hayo yanaonekana wazi kwenye daftari.

— Na viazi vitamu?
Vya kuchemsha hupandisha kidogo kuliko vya kuchoma. Jaribu vyote kwa siku mbili tofauti, kiasi kile kile, kisha utuletee namba zako hapa.