SOMO: Kuongeza RAM (memori ya kazi) mu mashini ya zamani ya mezani (soma yote mbele ya kuuliza)

Bandugu, minaandika hii mara moja ili mutu akiniuliza tena "nimenunua RAM, mashini haiwake, juu ya nini?" nimutumie paka hii. Haiko ya mafundi. Ni ya mutu mwenye ako na Dell OptiPlex, HP Compaq, ao zile za kuunga-unga zenye kartimeri (ile kadi kubwa ya ndani) ya Intel G41, inafungua Word na kurasa tatu za intaneti kisha inaganda mupaka unaenda kunywa chai. Kama uko muvivu soma hatua ya 3 peke yake.

1. Jua uko na nini. Windows 10: Ctrl+Shift+Esc, Performance, Memory, utaona giga ngapi na sloti (fasi za kuingizia RAM) ngapi zimejaa. Windows 7 haionyeshe sloti, weka programu CPU-Z. Linux: sudo dmidecode -t memory.

2. Angalia kama Windows yako ni ya biti 32 ao 64. Ya 32 haipite 4 giga, na hata hizo 4 itakuonyesha 3 na kitu. Kama ni hiyo, badilisha Windows kwanza, kisha uje tuongee RAM.

3. Kununua. Hapa njo makuta ya batu inapoteaka, sasa tulia.

DDR2 na DDR3 zote ziko na pini 240, lakini kale ka pengo ka chini hakako fasi moja, DDR4 yenyewe ni pini 288. Haziingiliane hata kidogo. OptiPlex 755 na HP dc7800 ni DDR2, OptiPlex 780, 790, 7010 na HP 8200 ni DDR3. Hiyo ni rahisi, muuzaji yeyote anaijua.

Chenye muuzaji hajue ni etiketi. Kamata bareti (kale kapande ka RAM) mu mukono, usome. Tuseme imeandikwa hivi:

4GB 2Rx8 PC3-10600U-09-10-B0

PC3 ni DDR3 (PC2 ni DDR2, PC4 ni DDR4). 10600 ni kasi, njo ile banaitaka 1333, na 12800 ni 1600. Sasa angalia HERUFI yenye inafuata namba. U ni ya mashini ya mezani. S ni ya laptop, ni fupi, utaiona na macho. R ni ya seriveri, na R njo mutego wenyewe, juu urefu ni moja, pini ni moja, pengo ni fasi moja, inaingia vizuri, inafunga klak, unafurahi, unawasha, ekrani nyeusi. Haiko mbovu na mashini yako haiko mbovu, paka hazisikilizane. Hapa Goma, mu Birere, utaipata bei chini kuliko zingine na utaambiwa "DDR3 ni DDR3 tu chef". Apana. R unairudisha palepale mbele ya kutosha makuta.

Kisha angalia 2Rx8. Ile x8 njo unataka. Ukiona x4, acha, proseseri ya Intel ya mezani haiitake. Kuna na zile DDR2 za 4 giga zenye ziko bei chini sana na zimeandikwa kabisa AMD (kampuni ingine ya proseseri): banasema kweli, ni za AMD, ku Intel haziwake.

Na benye G41, nyinyi musikie mara mbili. Bareti ya 4 giga kwenu lazima iwe na chipu 16, 8 upande huu na 8 upande ule. Hesabu na kidole. Ile yenye chipu 8 tu (1Rx8) inatumia chipu za gigabiti 4, na G41 mwisho wake ni chipu za gigabiti 2, haijue kuzisoma. Ndio maana jirani yako bareti iliwaka kwake na kwako inakataa. Bareti moja ya 8 giga? Ku Core 2 (proseseri za G41 na 780) sahau. OptiPlex 780 inafika 16 na bareti ine za 4, 7010 inafika 32 na ine za 8.

Kama unaweza, beba mashini yote ku muuzaji, awashe mbele yako. Ni nzito, najua. Lipa pikipiki.

4. Zima na UTOSHE KAMBA nyuma ya mashini. Kuzima Windows haiko kukata umeme, alimentation (ile boiti ya umeme ya ndani) inaendelea kupeleka volti 5 ku kartimeri, kwa mashini mingi utaona ka taa kadogo ka kijani ndani kanawaka. Nyuma ya kutosha kamba bonyeza batoni ya kuwasha sekunde 10 hivi, mupaka ka taa kafe. Na usiniambie "umeme ilikuwa imekatika mu kartiye yote", kama uko na ondileri (ile ya kutunza umeme mu batiri), umeme iko bado mu mashini hata Goma yote iko giza.

5. Fungua boiti, shika chuma yake mbele ya kushika kitu kingine. Triko ya sufu, vua.

6. Vumbi. Hii yetu ya mawe ya lava ni nyeusi na iko na punje, haiko sawa vumbi ya fasi zingine, inakaa mu sloti na inakwaruza. Pinseli mupya ya rangi, kavu, unapangusa sloti yote, hata zenye hautumie. Usipulize na mudomo, unatia mate.

7. Weka. Fungua vile vibano vya pembeni, linganisha pengo, sukuma na vidole gumba mbili pande zote mupaka vibano vifunge byenyewe. Ikikataa, angalia tena pengo, usisukume na hasira: kuna kliyenti aliniletea mashini yenye bareti iliingizwa nyuma mbele na nguvu, sloti ilikuwa imeyeyuka kona moja, harufu iko bado ndani. Kwa mashini mingi, bareti mbili za kufanana zinaenda mu sloti za rangi moja. Ku HP mingi za wakati ule, sloti nyeusi lazima iwe na bareti, ukiiacha wazi haiwake.

8. Washa. Dell itasema memory imebadilika, bonyeza F1. Haiko kosa. HP ikipiga mulio tano na taa nyekundu mara tano, ni RAM, rudia hatua ya 7.

9. Pima. Mu Windows andika mdsched, ao utumie Memtest86+ ku kile ya USB (flash). Acha imalize mzunguko moja mzima. Umeme ikikatika katikati, pole, unaanza upya.

Maswali muweke hapa chini.

---

Mwana Ndosho: Mukubwa niko na Dell nimeweka RAM haiwake nifanye nini

Jibu: Dell gani? Etiketi ya RAM inasema nini?

Mwana Ndosho: ni Dell nyeusi

Jibu: Zote ni nyeusi, ndugu. Jina iko mbele, etiketi iko ku bareti. Hatua ya 3.

Mwana Ndosho: nimeona. PC3-10600R

Jibu: R. Ya seriveri. Rudisha leo, usingoje kesho atasema hakujue.

Mama wa Himbi: Asanti sana kwa somo, baba. Niko na sekretaria ya kuchapishia batu kazi, mashini tatu OptiPlex 780, kila moja 2 giga (1 na 1). Makuta iko ya kitu kimoja tu kwa sasa: RAM ao SSD (ile diski ya haraka). Nianze na nini?

Jibu: Mama, asanti kwa kusema mashini na hesabu yote, ungejua ni wangapi banafanya hivyo. Kwako anza na RAM. Na 2 giga Windows inaanza kutumia diski sawa RAM na njo unasikia ile diski inakwaruza bila kuacha. Hizo bareti za 1 usizitupe, sloti ziko ine: acha 1 na 1, ongeza 2 na 2, kila pea mu rangi yake, uko na 6 giga na kwa kuchapisha inatosha. Kabla, hakikisha Windows ni ya 64. SSD itakuja nyuma, na itakufurahisha kuliko RAM, lakini SSD yenye 2 giga unaichosha bure. Mutu mwenye ako na 4 giga tayari, kwake ningesema kinyume, SSD kwanza.

Mama wa Himbi: Na Windows 10 banasema imekwisha?

Jibu: Microsoft iliacha kuisaidia tarehe 14 Oktoba 2025. Itaendelea kuwaka, paka haipate tena masahihisho ya kawaida ya usalama. 780 haikubaliwe na Windows 11 kwa njia ya kawaida. Kwa kuandika barua na kuchapisha, Linux Mint (fasi ya Windows) na LibreOffice (fasi ya Word) inafanya, jaribu ku mashini moja kwanza, uhakikishe na imprimante yako inakubali, usibadilishe tatu siku moja.

Fundi wa Bukavu: Somo muzuri lakini si kweli x4 haifanye. Mi niko na DDR2 ya 4 giga ya hivyo inawaka tangu zamani.

Jibu: Ku proseseri gani?

Fundi wa Bukavu: Athlon

Jibu: Athlon ni AMD. Soma tena chenye niliandika.

Fundi wa Bukavu: Sawa, nimeona 😂 Ongeza basi: bareti ya zamani ikisumbua, sugua meno yake na gomme ya kufutia, mara mingi inapona.

Jibu: Hiyo ni kweli na nilisahau kuiweka. Gomme nyeupe laini, si ile ya bluu yenye mchanga, inaondoa dhahabu ya meno. Sugua mbali na mashini, kisha pangusa na alkoli, juu ule unga wa gomme ukiingia mu sloti umejitengenezea shida mupya.

Mwanafunzi wa Katindo: Yaya, juu ya nini bareti mbili za 2 ni muzuri kuliko moja ya 4? Giga si ni zilezile?

Jibu: Swali ya maana. Rudi ku etiketi: ile 10600 ni megabayti kwa sekunde, bareti moja inapitisha hivi hivi giga 10.6 kila sekunde. Ukiweka mbili mu sloti za rangi moja, kartimeri inazisoma pamoja, njia inakuwa mbili, unafika karibu 21. Ku Word hautaona kitu. Utaona ku video na michezo, juu hizi mashini hazina kadi ya picha, zinakopa RAM kwa kuchora ekrani.

Mwanafunzi wa Katindo: Na nikichanganya 1333 na 1600?

Jibu: Zote zinatembea na 1333, ao chini kama kartimeri haifike kule. Hakuna kinaharibika.

Wa Majengo: Bei ya 4 giga ni ngapi?

Jibu: Siuze RAM.

Wa Majengo: Nauliza tu. Kitu kingine, yangu kila asubuhi saa inarudi nyuma miaka, ni RAM?

Jibu: Apana, ni pile ndogo ya mviringo ku kartimeri, CR2032, volti 3. Imekufa. Lakini mbele ya kuitosha ingia mu BIOS, ile fasi ya mipangilio ya kartimeri (F2 ku Dell, F10 ku HP ukiwasha), upige picha na simu ya fasi banaandika SATA, kama ni AHCI, RAID ao IDE. Pile ikitoka, mipangilio inaweza kurudi ya kiwanda, na kama hiyo moja imebadilika Windows itakuonyesha ekrani ya bluu, utakimbia kuiweka upya bure. Rudisha sawa vile picha inasema, itawaka.

Wa Majengo: Iko RAID ON, mi sina hata diski mbili

Jibu: Dell mingi zinatoka kiwanda hivyo. Iache hivyo.