Mazoezi yaliyomwinua Mama

Mama yangu ana miaka 74. Mwaka jana, mvua za Machi zikiwa zimepamba moto, alitoka usiku kwenda choo cha nje nyumbani kwake Tukuyu. Alivaa ndala, tope likamchota. Akavunjika kifundo cha mkono, wakamfunga plasta ngumu, nami nikamleta kwangu Ilomba. Hapo ndipo nilipokosea: nilimkalisha. Chai namletea, maji ya kuoga namletea, akitaka kuinuka nasema, "Mama, kaa, utaanguka." Plasta ilipotolewa mkono ulikuwa mzima, lakini miguu ilikuwa imekwisha. Akawa anashika kuta kama mtu aliyesimama kwenye daladala.

Zahanati moja tuliyopita walisema ni uzee tu. Baadaye tukapata mtaalamu wa fiziotherapia, kijana mdogo. Alimwamkia Mama vizuri, akamketisha kwenye kiti cha mbao, akamwambia akunje mikono kifuani, asimame na kukaa mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30. Alipata mara nne. Mwanamke wa umri ule asipofikisha mara 10, akasema, yuko kwenye hatari ya kuanguka. Kisha akanigeukia: "Dada, kumkalisha huku ndiko kunakomwangusha." Mzee akikaa, misuli inapungua, ikipungua anaogopa kutembea, akiogopa, anakaa zaidi.

Basi tukaanza na kile kile kiti. Kiwe cha mbao, mgongo wake umegota ukutani. Cha plastiki kinateleza, na kigoda ni kifupi mno. Mzee asogee mbele kidogo, nyayo azirudishe nyuma ya magoti, ainamishe kifua mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo ainuke. Kukaa ndiko kwenye kazi: ashuke polepole huku anahesabu mpaka tatu, asijitupe. Mama alishindwa kushuka hivyo mwanzoni, tukamwekea blanketi lililokunjwa ili kiti kiwe juu. Kila wiki nikapunguza mkunjo mmoja. Tulilenga mara 10, kupumzika, kisha 10 nyingine.

Baada ya kiti, dirisha. Anashika ukingo wake, anapanda juu ya vidole, anashuka, kisha anasimama kwa visigino. Halafu anatembea kiubavu ukutani, kwenda na kurudi. Akizoea, anafundishwa kusimama: kwanza miguu pamoja, kisha mmoja umetangulia nusu, kisha kisigino cha mmoja kimegusa vidole vya mwingine, mwisho mguu mmoja. Kila namna sekunde 10, nawe uko pembeni, mkono karibu bila kumshika. Akitikisika kidogo ndivyo inavyotakiwa. Akisimama kama nguzo, zoezi limekuwa rahisi, mpandishe hatua.

Uzito wa miguuni nilishona mwenyewe, maana mimi ni fundi cherehani Mwanjelwa na vipande vya vitenge havinipungui. Vifuko viwili vyenye mikanda ya kufunga juu ya kifundo cha mguu, nusu kilo ya maharage kila kimoja. Anakaa, ananyoosha goti, anashusha. Jumamosi moja nikakuta vifuko vimetepeta na maharage yako kwenye sufuria. "Yangeoza, mwanangu," akasema. Sasa natia mchanga.

Mazoezi ya namna hii yalipangwa Chuo Kikuu cha Otago huko New Zealand, miaka ya 1990. Ni nusu saa, mara tatu kwa wiki, na kutembea siku nyingine. Wazee walioyafanya nyumbani walipunguza kuanguka kwa takriban theluthi moja. Ila ukiacha, nguvu inaondoka. Kifua kikiuma, kizunguzungu kikija au pumzi ikikata, simamisha hapo hapo mwone daktari.

Mazoezi peke yake hayatoshi kama nyumba yenyewe inatega. Ndala niliziondoa, nikamnunulia viatu vinavyoshika kisigino. Soksi nene za baridi ya Juni juu ya vigae ni balaa, avae viatu hata ndani. Gauni zake zote nilizikunja pindo mpaka juu ya kifundo, akalalamika wiki nzima kwamba namvalisha kama msichana. Fimbo nilipima kwa futi: mzee asimame wima, mkono umening'inia, kichwa cha fimbo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Aishike upande wa mguu mzima, si mbovu. Watu wengi hufanya kinyume.

Usiku, kabla ya kusimama, akae ukingoni mwa kitanda achezeshe nyayo mpaka kichwa kitulie, hasa anayemeza dawa za presha. Dawa zikimlevya, mwambie daktari, usizikatishe mwenyewe. Taa au tochi iwe mkononi mwake, si kabatini.

Tulimfundisha pia kuinuka sakafuni, juu ya godoro, wajukuu wakicheka: ageuke ubavu, apige magoti, atambae mpaka kwenye kiti, aweke mikono juu yake, atangulize mguu wenye nguvu, ajisukume. Usimvute mkono, utamtoa bega. Na akianguka kweli akashindwa kukanyaga, au mguu mmoja umeonekana mfupi na unyayo umegeukia nje, usimwinue, huenda ni nyonga. Mwache alivyo, mfunike blanketi, tafuteni gari.