Shingo za bata mzinga za kuoka: mpaka nyama iachie mfupa

Shingo ya bata mzinga si kidari. Kidari kikipitiliza dakika kumi kinakauka. Shingo ikipungukiwa nusu saa unatafuna mpira. Msuli wa shingo haukupumzika tangu ndege akiwa hai, umefungwa kwa kano na utando tele, na nyama yenyewe imejibana katikati ya pingili za mifupa. Moto mkali peke yake hauuwezi. Dawa yake ni joto la wastani, unyevu na muda mrefu chini ya kifuniko. Rangi na harufu ya kuchomwa huja mwishoni, nyama ikiwa imeshalainika. Ukigeuza mpangilio huo, ukachoma kwanza ukitumaini italainika baadaye, utapata kitu cheusi nje na kigumu ndani.

Mahitaji ya watu wanne

Shingo 6 hadi 8, kama kilo 1.5 kwa jumla
Chumvi laini gramu 18 (kijiko 1 cha chakula, kilichosawazishwa kwa kisu)
Paprika vijiko 2 vya chai
Pilipili manga ya unga kijiko 1 cha chai
Kitunguu saumu cha unga kijiko 1 cha chai
Binzari nyembamba ya unga nusu kijiko cha chai
Mafuta ya kupikia vijiko 2 vya chakula
Vitunguu maji 2 vikubwa, karoti 1, punje 6 za kitunguu saumu
Supu isiyo na chumvi, au maji, mililita 350
Siki kijiko 1 cha chakula, ya kumalizia

Hesabu ya chumvi ni gramu 12 kwa kila kilo ya shingo pamoja na mifupa yake. Kama supu yako imetokana na vidonge vya supu, shusha chumvi ya kupaka hadi gramu 10, kwa sababu vidonge hivyo vina chumvi nyingi. Shingo zilizokaushwa kwa moshi ni habari nyingine: zimeshatiwa chumvi kiwandani, usiongeze hata chembe mpaka uonje mchuzi.

Hatua ya 1: Kuyeyusha barafu

Pakiti ya kilo 1.5 huhitaji kama saa 24 ndani ya friji, ikiwa kwenye bakuli la kukinga maji yanayodondoka. Ukiwa na haraka, zamisha pakiti iliyofungwa vizuri kwenye maji baridi na ubadilishe maji kila baada ya dakika 30; kwa saa mbili hivi zitakuwa tayari. Usiziache mezani kutwa nzima. Nje huanza kupata vuguvugu na bakteria kuongezeka wakati katikati bado ni jiwe.

Hatua ya 2: Kusafisha na kukata

Hakuna haja ya kuziosha chini ya bomba. Maji hurusha vijidudu kwenye sinki na vyombo vilivyo karibu, na vijidudu hivyo joto la oveni litaviua vyenyewe. Zifute kwa karatasi ya jikoni mpaka ziwe kavu kabisa, kisha nawa mikono kwa sabuni.

Sasa zikague moja moja. Ubavuni mwa baadhi ya shingo hubaki kipande cha koo, mrija laini wa chakula au ule wa hewa wenye pete ngumu. Uvute, utatoka. Upande mnene, ule uliokuwa karibu na kifua, mara nyingi una mabonge ya mafuta ya njano. Kata makubwa, madogo yaache yayeyuke. Ukiona utando mweupe unaong'aa, ingiza ncha ya kisu chini yake na uubandue, ila usihangaike kuumaliza wote.

Ni bora kuzioka nzima. Kama trei ni fupi, ikunje shingo kwa mikono miwili uone inapojipinda: hapo ndipo pingili mbili zinapokutana, na kisu cha kawaida kitapita bila nguvu. Kupasua kwa shoka la nyama huacha vipande vya mfupa vyenye ncha ndani ya nyama, na utavigundua kwa meno.

Hatua ya 3: Chumvi kwanza, viungo baadaye

Paka chumvi pande zote na uweke shingo kwenye friji bila kufunika, usiku kucha au kwa muda wa saa 12. Saa moja pia inafaa kama huna muda, ingawa ladha itabaki juujuu. Chumvi hutoa maji kidogo, ikayeyuka humo, kisha maji hayo hurudi ndani ya nyama yakiwa na ladha. Chumvi ya dakika ya mwisho haipati nafasi hiyo.

Usilaze shingo kwenye limau au siki usiku kucha. Asidi haifiki mbali: hugeuza ngozi ya nje ya nyama kuwa kama chaki, na kano za ndani zinabaki vilevile.

Ukikaribia kuoka, changanya paprika, pilipili manga, kitunguu saumu cha unga na binzari kwenye mafuta, halafu zisugue shingo. Mafuta huvishika viungo visioshwe na mvuke.

Hatua ya 4: Kuoka zikiwa zimefunikwa

Washa oveni nyuzi 160 za Selsiasi. Yenye feni, 140. Tandaza vitunguu maji vilivyokatwa duara nene, karoti na punje za kitunguu saumu kwenye trei yenye kina cha sentimita 5 au zaidi. Panga shingo juu yake kwa safu moja, zisipandane. Mimina supu ya moto pembeni, si juu ya viungo ulivyopaka. Kina cha sentimita 1 kinatosha. Zikizama utakuwa umezichemsha.

Funika kwa foili tabaka mbili na ubane ukingo kwa vidole kuzunguka trei nzima, hasa kwenye kona nne. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Baada ya dakika 30, chungulia: foili iliyobanwa vizuri huwa imevimba kidogo kama mto. Ikiwa imelala bapa na kona moja inatoa mvuke, mchuzi unakukimbia. Ibane kwa kitambaa kinene, maana mvuke unaunguza vibaya.

Ziache saa 2 na robo kabla ya kufungua. Kuku na bata mzinga huwa salama kuliwa ndani yakifika nyuzi 74, lakini usalama si ulaini. Shingo yenye nyuzi 74 imeiva na bado inakataa meno. Kolajeni, protini ngumu iliyo kwenye kano, huyeyuka polepole kuwa jelatini, ute laini unaonata, na inataka nyama ikae kwenye nyuzi 90 hivi kwa muda mrefu. Ndiyo maana kupandisha moto ili kuokoa saa moja hakusaidii: kunakausha mchuzi tu.

Anayeishi nyanda za juu aongeze muda. Maji huchemka kwa takriban nyuzi 1 pungufu kila unapopanda mita 300, kwa hiyo mvuke ulio chini ya foili nao una joto dogo. Kwenye mita 1,500, ongeza kama dakika 30.

Shingo iliyo tayari hujionyesha. Nyama huwa imejikusanya na kuacha mfupa wazi kwenye ncha, karibu sentimita 1. Ukiinua moja kwa koleo katikati, ncha zote mbili huanguka chini na nyama hupasuka mgongoni. Uma ukiingia kati ya pingili na kuzungushwa, nyama huchambuka kwa nyuzi ndefu. Kama bado inavuta, funika tena na urudi baada ya dakika 20. Nyingine hufika saa 3, hasa za ndege wakubwa.

Hatua ya 5: Kupata rangi

Ondoa foili ukianzia upande ulio mbali nawe. Chuja mchuzi kwenye bakuli, ubakize kama vijiko vitatu kwenye trei. Pandisha oveni hadi nyuzi 220 na uoke dakika 15 hadi 20, ukizigeuza katikati ya muda. Usiondoke jikoni: paprika hupita kutoka wekundu wa kuvutia hadi uchungu kwa dakika chache. Ukitaka kupaka sosi yenye asali au sukari, ipake zikibaki dakika 5 tu.

Acha zipumzike dakika 10. Wakati huo engua mafuta juu ya mchuzi, uuchemshe kwenye sufuria pana mpaka upungue kwa theluthi, kisha tia siki na uonje chumvi. Hauhitaji unga wala wanga. Jelatini ya shingo inautosha, midomo itanata kidogo.

Zikienda mrama

Ngumu lakini zina unyevu: muda haujatosha, zirudishe chini ya foili kwa nyuzi 160. Ngumu na kavu: mchuzi ulikauka. Ongeza mililita 150 za maji ya moto, ziba upya, subiri dakika 40. Nyama imemomonyoka trei nzima: zimepitiliza, na hilo si msiba. Chambua mifupa yote, changanya nyama na mchuzi, ule na wali. Kama zina rangi ya kijivu, ziliingia hatua ya 5 zikiwa zimelowa mno, au oveni ilikuwa haijafika nyuzi 220.

Pingili zina vijifupa vidogo, hivyo nyama ya mtoto ichambuliwe kwa vidole kabla ya kufika sahani yake. Mbwa asipewe mifupa hii. Ikishapikwa huvunjika kwa vipande vyenye ncha.

Zilizobaki ziingie friji ndani ya saa 2, zikiwa kwenye mchuzi wake. Hukaa siku 3 hadi 4. Kesho yake utakuta mchuzi umeganda na kutetemeka kama jeli. Ziweke hivyohivyo kwenye sufuria yenye kifuniko, moto mdogo, mpaka zichemke tena.